Haki, Busara na Deni: Msaada wa Gharama za Ghafla kwa Maskini wa Uingereza tangu Mwaka 1934

Kila mfumo wa kuwatunza maskini kwa fedha za serikali hukutana, mapema au baadaye, na jambo ambalo posho ya juma haiwezi kulibeba. Posho hukadiriwa kwa mkate, makaa, sabuni na nauli. Haikadiriwi kwa siku ambayo jiko limeharibika, au mtoto amezaliwa kabla ya nguo zake kupatikana, au mama ametoka katika nyumba ya mume mkali akiwa na watoto watatu na mfuko mmoja, na chumba alichopewa na halmashauri ya mji hakina kitanda wala pazia. Mwenye mshahara huchukua katika akiba yake au hukopa benki. Anayeishi kwa posho hana akiba. Tena sheria yenyewe ya posho humtaka asiwe nayo zaidi ya kiasi fulani. Ni lazima basi awepo mtu au chombo cha kuamua kama serikali itamsaidia, kwa kiasi gani, na kwa masharti yapi.

Historia ya Uingereza inafaa kuchunguzwa kuhusu swali hili kwa sababu nchi hiyo, katika muda wa miaka themanini tu, ilijaribu karibu kila njia inayowezekana: ilimwachia afisa uamuzi, ikamnyang'anya na kuuweka katika kanuni, ikamrudishia tena lakini ikiwa imefunga mkoba, na mwishowe ikauondoa mzigo wote katika wizara na kuutua mlangoni mwa miji na wilaya.

Kabla ya kuingia katika matukio yenyewe, inafaa kutazama neno. Waingereza wana neno moja la kutaja uwezo ambao sheria humwachia afisa wa kuamua jinsi aonavyo yeye. Kiswahili kina maneno mawili yanayogombea nafasi hiyo, hiari na busara, nayo hayalingani hata kidogo. Hiari yaelekea upande wa kupenda: afisa akitaka atatoa, asipotaka hatatoa, na hakuna wa kumwuliza. Busara yaelekea upande wa kupima: afisa atatoa kwa kuwa ametazama hali ya mtu aliye mbele yake, jambo ambalo kanuni iliyoandikwa mbali haiwezi kulifanya. Waliokaa upande mmoja wa meza, wakiwa na kalamu na fomu, waliona busara. Waliokaa upande wa pili, wakiwa na ombi, mara nyingi waliona hiari. Historia inayofuata yaweza kusomwa kama ugomvi mrefu juu ya tafsiri ya neno hilo moja.

Urithi wa parokia

Sheria ya Maskini ya mwaka 1601 ililiweka jukumu la kuwatunza wasiojiweza juu ya parokia, na fedha zilitoka katika kodi ya wenyeji wenye mali. Mwenye kuamua alimjua mwombaji, baba yake na tabia yake. Alijua pia kwamba kila shilingi itakayotolewa itatoka katika mifuko ya majirani. Sheria mpya ya mwaka 1834 ilikaza masharti na kujenga zile nyumba za kazi ambazo jina lake lilitisha vizazi kadhaa, lakini haikufaulu kuondoa kabisa msaada uliotolewa majumbani. Afisa wa misaada aliendelea kutoa jozi ya viatu hapa, gunia la makaa pale, kwa kuamua mwenyewe.

Badiliko kubwa lilikuja wakati wa ukosefu wa kazi wa miaka ya 1930. Sheria ya mwaka 1934 iliunda Halmashauri ya Msaada kwa Wasio na Kazi, chombo cha taifa zima chenye viwango vilivyo sawa kutoka mji hadi mji. Viwango hivyo vilipoanza kutumika Januari 1935, watu wengi waligundua kwamba watapata pungufu ya walichokuwa wakipewa na kamati za mitaa. Maandamano yalikuwa makubwa mno, hasa katika Wales ya kusini, hata serikali ikalazimika kurudi nyuma mwezi uliofuata. Katika sheria hiyohiyo mlikuwamo kifungu kisichopigiwa kelele: maafisa waliruhusiwa kutoa fedha za mara moja kwa ajili ya mahitaji ya kipekee. Hapo ndipo penye chimbuko la mambo yote yatakayosimuliwa. Serikali kuu, iliyokuwa ikijitahidi kuwatendea watu wote sawasawa, ilikiri kwamba usawa peke yake hautoshi.

Vita vilipokuwa vikiendelea, William Beveridge alitoa ripoti yake mashuhuri ya mwaka 1942. Mpango wake ulitegemea bima: kila mfanyakazi atachanga, na kila mchangaji atapata haki yake akiugua, akizeeka au akikosa kazi. Msaada wa kupimiwa umaskini ungebaki kwa wachache walioanguka katikati ya nyuzi za wavu, na wachache hao wangezidi kupungua. Sheria ya Msaada wa Taifa ya mwaka 1948 ilitangaza katika maneno yake ya mwanzo kabisa kwamba sheria ya kale ya maskini imekoma, nayo ikaanza kazi tarehe 5 Julai ya mwaka huo pamoja na bima mpya.

Matumaini ya Beveridge hayakutimia. Viwango vya bima viliwekwa chini mno hata mzee aliyelipa michango yake yote alikuta kwamba, akishatoa kodi ya nyumba, amebaki chini ya kiwango cha msaada. Watu waliopokea msaada wa juma walikuwa karibu milioni moja mwaka 1948. Katikati ya miaka ya 1960 walikuwa karibu milioni mbili. Kile kilichodhaniwa kuwa wavu wa wachache kikawa sakafu ya wengi, na juu ya sakafu hiyo yakamea maombi ya blanketi, makoti na magodoro.

Afisa wa Halmashauri ya Msaada wa Taifa aliyajibu maombi hayo kwa kwenda nyumbani. Alitazama kitanda, alihesabu mablanketi, aliuliza viatu vya watoto viko wapi. Pengine alitoa fedha. Pengine alimwelekeza mama katika ghala la akina mama wa kujitolea walikogawa nguo zilizokwisha kuvaliwa. Ukaguzi huo ulikuwa na sura mbili. Mgonjwa aliyeona haya kuomba aliweza kupata kitu ambacho hakukitaja, kwa sababu afisa alikiona mwenyewe kwamba hakipo. Lakini huyohuyo afisa aliona pia chupa mezani, au redio mpya, au jozi ya viatu vya mwanamume katika nyumba ya mjane.

Kitabu cha siri

Mwaka 1966 jina lilibadilishwa. Msaada wa Taifa ukawa Mafao ya Nyongeza, Halmashauri ikawa Tume, na sheria ikaanza kusema juu ya stahili ya mtu badala ya hisani. Hata hivyo nguvu ya kutoa malipo ya mahitaji ya kipekee ilibaki mikononi mwa Tume na maafisa wake. Ni kosa kudhani kwamba nguvu hiyo ilitumika ovyo. Maafisa walikuwa na kitabu kinene cha maagizo, kilichojulikana kwa herufi A, ambacho kiliwaeleza ni vazi gani lihesabiwe kuwa la lazima na ni katika hali gani mtu aweza kupewa godoro. Ila kitabu hicho kilikuwa siri. Mwombaji alikuwa akihukumiwa kwa sheria ambayo hakuruhusiwa kuisoma. Mwaka 1970 Tume ilitoa kijitabu kwa watu wote, lakini maagizo yenyewe yalibaki kabatini.

Basi busara iliyosifiwa ilikuwa kwa kiasi kikubwa kanuni zilizovikwa joho la busara. Jambo hili halikuwapita watu wa Shirika la Kupambana na Umaskini wa Watoto, lililoanzishwa mwaka 1965, wala vyama vya wapokea posho vilivyoanza kuchipuka mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960. Walianza kufuatana na waombaji mbele ya mabaraza ya rufaa, wakidai sababu zitajwe na maagizo yafunuliwe. Mahali palipokuwa na hisani waliingiza hoja.

Aliyewajibu kwa kina kuliko wote alikuwa Richard Titmuss, profesa wa London na makamu wa mwenyekiti wa Tume hiyo, katika makala aliyoyatoa mwaka 1971, miaka miwili kabla ya kifo chake. Titmuss hakuwa mtetezi wa ukali. Alisema kwamba mahitaji ya binadamu hayana idadi na hubadilika kila siku. Mfumo utakaotaka kuyaandika yote katika sheria utaishia kuwa orodha ndefu isiyo na huruma, na wanasheria watakula chakula ambacho maskini alitarajia. Alitaka haki iliyo imara kwa posho ya juma na, pembeni yake, nafasi ya kumtazama mtu mmojammoja. Ni hoja nzito, na wale wanaomcheka Titmuss kana kwamba alikuwa mzee wa parokia hawajaisoma. Udhaifu wake upo kwingine: alizungumza juu ya busara kama inavyopaswa kuwa, akiwa mbali na dirisha ambako foleni ilisimama.

Karibu na dirisha hilo mambo yalikuwa yakiharibika. Katikati ya miaka ya 1970 malipo ya kipekee yalifikia karibu milioni moja kwa mwaka, nguo na viatu vikiwa mbele. Jambo linalotokea mara milioni moja haliwezi tena kuitwa la kipekee. Ofisi mbili za mji mmoja ziliamua tofauti juu ya koti lilelile, na muda wa maafisa ulimezwa na mabishano juu ya vitu vya pauni chache. David Donnison, aliyeongoza Tume tangu mwaka 1975 na ambaye naye alikuwa amefundisha katika chuo kilekile cha Titmuss, alifikia uamuzi uliokuwa kinyume cha ule wa mwenzake: ingekuwa afadhali posho ya kawaida iongezwe ili watu wanunue viatu vyao wenyewe, na mambo yaliyobaki yaandikwe katika kanuni zinazosomwa na wote.

Haki iliyokuwa ghali

Donnison alipata nusu tu ya alichokiomba. Sheria ya mwaka 1980, iliyopitishwa na serikali ya Margaret Thatcher, iliivunja Tume na kuandika kanuni, lakini posho haikuongezwa kwa kiasi alichokusudia. Kuanzia Novemba 1980 malipo ya mara moja yalitawaliwa na orodha iliyopitishwa Bungeni: samani, matandiko, majiko, vifaa vya mtoto mchanga, kuhama nyumba. Aliyetimiza masharti alikuwa na haki ya kulipwa. Aliyekataliwa alikuwa na haki ya kukata rufaa mbele ya baraza lililo huru.

Yaliyofuata yaliwashangaza waliotunga kanuni. Kitu kikiisha kuandikwa chaweza kusomwa, na kikisomwa chaweza kudaiwa. Washauri wa haki za jamii, wengi wao wakilipwa na miji, waligawa karatasi zenye orodha ya vitu na nafasi ya kutia alama. Wakati huohuo idadi ya wasio na kazi ilipita milioni tatu. Gharama za malipo ya mara moja, ambazo mwanzoni mwa muongo zilikuwa makumi ya mamilioni ya pauni, zilizidi milioni 300 kufikia mwaka 1986. Serikali iliona katika tarakimu hizo ushahidi wa ulaji. Waliozisoma vingine walisema kwamba zilionyesha kwa mara ya kwanza ukubwa wa upungufu uliokuwa umefichwa na haya, ujinga wa sheria na maagizo ya siri. Hakuna sababu ya kuamini kwamba nyumba za maskini zilikuwa na vitanda vingi mwaka 1975 kuliko mwaka 1985. Tofauti ni kwamba mwaka 1985 ukosefu wa kitanda ulikuwa na namba ya kanuni.

Waziri Norman Fowler alitangaza mapendekezo yake katikati ya mwaka 1985. Kanuni zilikatwa kwa haraka mwezi wa Agosti 1986, na katika mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuunda chombo kipya, Mfuko wa Jamii.

Mkoba uliofungwa

Mfuko huo ulianza kwa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, iliyoanza Aprili 1987, ilikuwa na kanuni na ilihusu uzazi na mazishi. Hadi hapo kila mama alikuwa akipewa pauni 25 kwa mtoto mchanga, kiasi kilichowekwa mwaka 1969, na kila familia iliyofiwa na mchangaji wa bima iliweza kupata pauni 30, kiasi ambacho hakikubadilishwa tangu mwaka 1967. Kwa miaka ishirini bei ya jeneza ilipanda na pauni 30 zikabaki palepale, hata zikafanana na kejeli. Zote mbili zilifutwa, na badala yake malipo makubwa zaidi yakatolewa kwa wale tu waliokuwa katika posho. Msomaji wa Lubumbashi au Kisangani, aliyezoea kuona gharama za matanga zikichangwa na ukoo na majirani, huenda akastaajabu kwamba swali la nani alipie kaburi lilijadiliwa Bungeni kwa vifungu na tarakimu. Lakini katika miji ile mkubwa, ambamo mzee aweza kufa bila ndugu aliye karibu, jeneza ni miongoni mwa gharama zinazoogopwa kuliko zote.

Sehemu ya pili, iliyoanza Aprili 1988, ndiyo iliyozua mabishano. Ilirudisha busara ya afisa na kuigawa katika njia tatu. Ruzuku ya matunzo ya kijamii ilikusudiwa kwa wale wanaotoka hospitalini, gerezani au katika nyumba za kulelea ili waweze kuishi kwao, pamoja na familia zilizo katika shida isiyo ya kawaida. Mkopo wa matumizi ulikuwa wa wale waliokwisha kuishi kwa posho majuma 26, ili wanunue vitu vikubwa kama jiko. Mkopo wa dharura ulikuwa wa mtu yeyote aliyepatwa na maafa na asiye na njia nyingine. Mikopo haikuwa na riba, lakini ililipwa kwa kukatwa katika posho ya juma, kabla mtu hajaiona.

Mambo mawili yaliutofautisha mpango huu na kila uliotangulia. La kwanza ni kwamba fedha zilikuwa na kikomo. Kwa mwaka wa kwanza bajeti ilikuwa karibu pauni milioni 203, na zaidi ya theluthi mbili za fedha hizo zilikuwa za mikopo. Kila ofisi ilipewa fungu lake, ikatakiwa kuligawa miezi kumi na miwili. Afisa aliyekuwa akipima shida ya mwombaji alipaswa pia kupima kiasi kilichobaki katika fungu. Ombi la kupewa kitanda lililofaulu mwezi wa Mei liliweza kushindwa mwezi wa Februari, ingawa mtoto aliyelala sakafuni alikuwa yuleyule. La pili ni kwamba rufaa mbele ya baraza huru iliondolewa. Aliyekataliwa aliweza kuomba ofisi ileile itazame upya, na baadaye kupeleka jambo kwa wakaguzi wa Mfuko, waliokuwa na makao yao Birmingham. Baraza lililowekwa kusimamia mabaraza ya rufaa nchini lilitoa ripoti maalumu mwaka 1986 kupinga hatua hiyo, likiona kwamba tangu lianzishwe mwaka 1958 halijashuhudia haki ya rufaa kubwa kama hiyo ikifutwa. Wakaguzi, ni haki kusema, walifanya kazi yao kwa uthabiti kuliko ilivyotarajiwa na walibatilisha maamuzi mengi. Lakini nao walifungwa na maelekezo ya waziri na bajeti ya ofisi.

Kuna jambo jingine ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza hudhani amesikia vibaya. Kwa kuwa mkopo lazima ulipwe, afisa alipaswa kuangalia kama mwombaji anaweza kuulipa. Mtu aliyekuwa na madeni mengi, yaani yule aliyekuwa na shida kuliko wenzake, aliweza kukataliwa kwa sababu hana uwezo wa kurudisha. Umaskini, ambao ulikuwa sharti la kuingia mlangoni, ukawa pia sababu ya kutolewa nje.

Hapa ndipo ugomvi wa Titmuss na wapinzani wake ulipopoteza maana yake ya kale. Titmuss alitetea busara iliyo na mkoba wazi: afisa aweza kukosea, aweza kuwa na dharau, lakini akiisha kuridhika kwamba blanketi halipo, blanketi litanunuliwa. Wapinzani walidai kanuni iliyo na mkoba wazi: mwenye kutimiza masharti apewe. Mpango wa mwaka 1988 ulichukua busara kutoka kwa wa kwanza na kuifungia mkoba. Afisa hakuulizwa tena tu kama mtu huyu anahitaji, bali kama anahitaji zaidi ya wale ambao bado hawajafika. Hilo si swali la busara. Ni kazi ya kugawa uhaba. Neno la zamani lilihifadhiwa kwa sababu lilikuwa na heshima, nayo heshima hiyo ilifunika ukweli kwamba uamuzi mkubwa ulikuwa umekwisha kufanywa juu, siku bajeti ilipoandikwa.

Mahakama iliingia katika jambo hili mapema. Mwaka 1990 majaji walikubali kwamba maelekezo ya waziri yalikuwa na nguvu ya sheria, lakini walisema kwamba mwongozo uliowalazimisha maafisa wasivuke bajeti kwa vyovyote ulikuwa umezidi mamlaka yake. Serikali haikuongeza fedha. Ilibadilisha sheria mwaka huohuo ili kikomo kiwe halali. Katika rufaa ya kesi hizo mmoja wa majaji hakuficha mashaka yake juu ya upana wa nguvu ambazo Bunge lilimkabidhi waziri.

Uchunguzi mkubwa wa kwanza ulifanywa kwa agizo la wizara yenyewe na watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Meg Huby na Gill Dix, na kutolewa mwaka 1992. Walilinganisha waliopewa na walionyimwa. Kama mpango ungekuwa ukifanya kazi ulioahidi, yaani kuzielekeza fedha chache kwa wenye shida zaidi, basi waliopewa wangeonekana kuwa na hali mbaya kuliko walionyimwa. Tofauti hiyo haikuonekana. Shida za makundi hayo mawili zilifanana. Kuna matokeo machache katika utafiti wa siasa za jamii yaliyo mafupi na mazito namna hiyo: gharama zote za fomu, mahojiano, madaraja ya umuhimu na ukaguzi zilizaa mgawanyo ambao hauwezi kutofautishwa na bahati.

Baada ya Mfuko

Serikali zilizofuata zilirekebisha bila kubomoa. Tangu mwaka 1999 mkopo wa matumizi uliamuliwa kwa hesabu, kwa kutazama ukubwa wa familia, muda wa kukaa katika posho na deni lililobaki. Afisa hakuuliza tena fedha ni za nini. Wengi waliona afueni, kwa kuwa hesabu haitukani. Mikopo ya dharura ilipoanza kuombwa kwa simu, maombi yaliongezeka sana, na serikali iliyoingia mwaka 2010 ikachukua ongezeko hilo kama wenzao walivyochukua tarakimu za mwaka 1986. Sheria ya mwaka 2012 ilifuta ruzuku ya matunzo na mikopo ya dharura kuanzia Aprili 2013. Mkopo wa matumizi uliendelea, na katika mfumo mpya wa posho moja ukapata jina la malipo ya mbele, ukikatwa kama zamani.

Fedha za sehemu iliyofutwa zilipelekwa kwa serikali za mitaa, na hapa njia za nchi zilizo ndani ya ufalme huo ziliachana. Wales iliunda mfuko mmoja wa nchi nzima mwaka 2013. Scotland nayo iliunda wake mwaka huohuo, ikautia katika sheria mwaka 2015, na tangu Aprili 2016 mwombaji aliyekataliwa na halmashauri ameweza kupeleka jambo lake kwa msuluhishi wa umma aliye nje ya halmashauri. Ireland ya Kaskazini ilifuata mwaka 2016 kwa mpango wake. Katika Uingereza yenyewe, kwa maana ya England, hakuna sheria iliyowalazimisha wakuu wa miji kuendelea na kazi hiyo, wala fedha hazikufungwa kwa ajili yake. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi wa Hesabu ilipotoa uchunguzi wake Januari 2016 ilikuta halmashauri zilizokwisha kufunga mipango yao kabisa na nyingine zilizobaki kutoa chakula na samani zilizotumika badala ya fedha. Katika miaka hiyohiyo nyumba za kugawa chakula, nyingi zikiwa chini ya makanisa na mashirika ya hisani, zilienea hadi miji midogo.

Bei za gesi na umeme zilipoanza kupanda, serikali ilitangaza mwezi wa Septemba 2021 fungu la pauni milioni 500 la kuzisaidia kaya, kwa miezi sita, kupitia halmashauri zilezile. Fungu hilo lilirefushwa mara kadhaa, kila mara kwa muda mfupi, hata maafisa wa miji hawakujua kama watakuwa na kazi msimu ujao. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba kuanzia Aprili 2026 mahali pake patachukuliwa na mfuko wa miaka kadhaa kwa ajili ya dharura. Ni halmashauri za mitaa tena zilizokabidhiwa kuamua nani apewe, kwa kipimo kinachotofautiana toka mji hadi mji, katika nchi ileile ambayo mwaka 1934 iliunda halmashauri ya taifa kwa sababu ilichoka na tofauti hizo.